Pumzi ya Mfano

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha leza, Profesa Nakijwa Mbwambo alizungumza na chupa.

Lilikuwa tufe la kioo lenye ukubwa wa limau, na mkia wake mfupi ulikuwa umezibwa kwa moto. Lilikaa dirishani mwa ofisi yake, Maabara ya Mwanga, juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu wa Usambara huingia bila hodi na kutoka bila kuaga. Ukilitazama tufe hilo usingeona kitu ndani. Lakini Nakijwa alijua lina nini. Lilikuwa na pumzi ya marehemu mumewe.

"Umeamkaje, mtani?" alilisalimia asubuhi hiyo, huku akilipangusa vumbi kwa ncha ya khanga. "Leo baridi hii ingekukimbiza hadi Mombo."

Kisha akanyamaza kidogo, kwa adabu, ili ampe nafasi ya kujibu.

Na wewe usicheke. Mwanamke aliyekaa mjane miaka kumi na mmoja, kitanda kizima akilalia upande mmoja kwa mazoea, ana ruhusa ya kuzungumza na anachotaka.

Mumewe aliitwa Yonazi Shemhilu. Hakuwa na shahada hata moja, na bila yeye wenye shahada zao wangekaa wanapiga miayo. Maabara ya leza haiendi bila fundi wa kioo. Nakijwa alianza kazi kwa kuchunguza atomi za rubidi, na atomi zile zilitaka nyumba ya kioo isiyovuja hata kwa miaka hamsini. Yonazi ndiye aliyezijengea. Alikaa mbele ya tochi ya gesi, mpira mwembamba mdomoni, akipuliza na kuzungusha, akipuliza na kuzungusha, mpaka kioo kikatii. Baadaye Nakijwa alihama kwenye atomi akaingia kwenye molekuli, kwa sababu, alivyozoea kuwaambia wanafunzi wake, atomi ni mseja, lakini molekuli ni ndoa: inavutana, inapinda, inazunguka, na kila ikifanya hivyo inakula rangi yake ya mwanga, isiyofanana na ya nyingine. Ukijua rangi iliyoliwa, umeijua molekuli kwa jina. Yonazi alimsikia siku moja akifundisha hivyo, akachungulia mlangoni: "Mwulizeni hiyo molekuli ya kwake ilivyopinda jana kwa sababu nilisahau mkate."

Yeye Mshambaa, mkewe Mpare, na utani wa makabila hayo haujui likizo. "Wapare nyinyi," alikuwa akimwambia, "mtu akikuibieni kuku, mnauza ng'ombe mumlipe wakili." Naye Nakijwa alikuwa na lake moja tu la kumdai: harufu. Fundi yule alinusa ugoro, tena ule mkali, na mkewe alikuwa hauvumilii. Basi Yonazi akabuni njia yake. Kila jioni alipofika kwenye lango la nyumba alisimama, akatoa mbegu tatu za iliki mfukoni, akatafuna taratibu mpaka mdomo ukawa safi, ndipo akaingia. Hakupiga hodi. Iliki ilimtangulia, na Nakijwa, akiwa jikoni, aliisikia harufu akasema, "Karibu, mtani," kabla hajageuka.

Mafundi wa kioo wana mwiko wao: pumzi ni ya kuumbia, si ya kufungia. Unapuliza ili kioo kichukue umbo, kisha unakitoa pumzi yote kwa pampu ndipo unakiziba, maana pumzi ina unyevu na uchafu mwingi, huharibu kazi. Yonazi aliuvunja mwiko huo mara moja tu maishani, mwaka walipotimiza miaka ishirini ya ndoa. Akamletea mkewe kisanduku cha mbao, ndani yake tufe limelala juu ya pamba. "Nimekufungia pumzi yangu," alisema. "Hii huwezi kuishitaki wala kuiuza."

Siku tisa baadaye alianguka mbele ya tanuri. Moyo, wakasema madaktari.

*

Saa tatu asubuhi hiyo mlango uligongwa.

"Hodi humu kwa wasomi!"

"Karibu, wifi. Ingia, funga, baridi inaingia na wewe."

Tabitha Shemhilu, mdogo wake Yonazi, ndiye aliyeirithi karakana ya kioo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya moto. Alitaka kusema neno, kikohozi kikamwahi. Alikohoa akiwa ameshika kiti, akakohoa tena, kisha akajifuta midomo na kuweka bahasha kubwa ya kahawia mezani.

"Pole, wifi," alisema Nakijwa. "Mafua haya hayajakuacha tangu Krismasi?"

"Si mafua. Fungua."

Ilikuwa picha ya eksirei. Nakijwa hakuwa daktari, lakini mapafu yenye madoa meupe kila mahali hayahitaji daktari.

"Nilishuka Muheza kwa dada, kikohozi kikanizidi," alisema Tabitha. "Wakanipeleka kwa daktari mmoja mzee, mbishi kama punda, haziamini mashine zenu. Kanipiga picha. Anasema ni kutu ya mapafu."

"Haiwezekani. Umepuliza Januari."

"Nimepuliza Januari, na Januari iliyopita, na ile nyingine. Nina kadi sita za kijani nyumbani, zote zimeandikwa *Mzima*. Yule mzee kaniambia, mama, mashine yenu ya huko mlimani inadanganya."

Maneno hayo yalimchoma Nakijwa. Mashine hiyo ilikuwa maisha yake. Watu waliiita Puliza. Ilikuwa katika zahanati mia nne, kuanzia pwani mpaka ng'ambo ya ziwa. Mtu anapuliza kwenye mrija, leza inaipitia pumzi yake, na kabla hajavaa viatu mashine imemwambia kama ana kisukari, kama figo zimechoka, kama kutu imeanza kula mapafu. Kutu ndiyo iliyokuwa sababu ya Puliza kuzaliwa. Ni ugonjwa wa watu wa matanuri na machimbo, mavumbi yanayokaa kifuani miaka mingi bila kelele. Ikigunduliwa mapema, sindano tano na umepona. Ukisubiri mpaka ukohoe damu, hapo tunakuombea tu.

"Mashine haidanganyi, wifi," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Twende nikuoneshe."

Wakashuka chumba cha chini. Tabitha akapuliza. Mashine ikanguruma kidogo, taa ya kijani ikawaka: *Mzima*.

"Umeona?" alisema Nakijwa.

"Nimeona," alisema Tabitha, akakohoa hadi akainama.

Nakijwa aliisikiliza ile sauti ya kifua. Aliwahi kuisikia. Yonazi alikuwa akikohoa hivyo hivyo kila asubuhi, akisema ni ugoro. Taratibu akakaa mbele ya skrini na kufanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka mingi: aliizuia mashine isitoe.

Puliza ilifanya kazi kwa kutoa. Pumzi ya kila mtu ina vitu vingi vya kawaida, maji, hewa chafu, hewa safi, na ukitaka kuona ugonjwa ni lazima uviondoe hivyo kwanza. Kwa hiyo mashine zote zililinganisha pumzi ya mgonjwa na pumzi moja tu, Pumzi ya Mfano, ambayo Nakijwa mwenyewe aliichanganya kutoka kwenye mitungi: pumzi ya mtu asiye na ugonjwa wowote, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ilitunzwa ndani ya tufe la kioo lililoitwa Chupa Mama, katika kabati la chuma lisilobadilika joto. Kilichokuwa kwa mgonjwa na kwenye Chupa Mama pia, mashine ilikifuta. Kilichobaki ndicho ugonjwa.

Sasa hakuna kilichofutwa. Mistari, kila mmoja rangi iliyoliwa na molekuli yake, ikajitokeza kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, na katikati yake, mahali pale pale ambapo yeye na wenzake walitumia miaka saba kupatafuta, mstari wa kutu ukasimama mrefu kama mlingoti.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Tabitha.

"Ni kutu yako."

"Basi mbona kaniambia mzima?"

Nakijwa akaielekeza leza kwenye kabati la chuma, kwenye Chupa Mama yenyewe. Mstari ule ule ukasimama. Kutu ilikuwa ndani ya Pumzi ya Mfano, na kwa muda wote huo mashine mia nne zilikuwa zikiwafutia wagonjwa ugonjwa wao.

*

Kosa lilikuwa lake, na alijua siku lilipofanyika.

Miaka kumi na mmoja nyuma, wiki mbili baada ya mazishi, waliimulika Chupa Mama kwa leza kwa mara ya kwanza. Msaidizi wake wa wakati huo aliona vistari vidogo ambavyo havikutakiwa kuwepo. Kioo cha tufe lenyewe kilivififisha, maana kioo hakipitishi vizuri ule mwanga usioonekana ambao molekuli huupenda zaidi, lakini vilikuwepo. "Profesa," alisema yule kijana, "tuipasue tuchanganye upya." Na Nakijwa, macho yamevimba, akamgeukia kama chui. "Hiyo ni kazi ya mwisho ya mume wangu. Haipasuliwi. Kioo cha Yonazi hakina kosa." Vile vistari akavipa jina, *mistari ya kioo*, akaviandika kwenye ripoti kwamba ni unyevu unaotoka kwenye kioo kipya, na dunia ikamwamini kwa sababu yeye ndiye mtaalamu.

Upendo ulimfumba macho mtu ambaye kazi yake ni kuona. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

"Lakini ingieje?" alijiuliza kwa sauti. "Nilichanganya mwenyewe kutoka kwenye mitungi. Mtungi hauugui kutu."

Tabitha alikuwa akitazama tufe lile lililoko ndani ya kabati, mkia wake mfupi, mviringo wake.

"Wifi," alisema polepole, "lile la dirishani kwako liko wapi?"

"Liko dirishani. Kwa nini?"

"Lilete."

Nakijwa akapanda ngazi, akalichukua tufe lake kwa mikono miwili, akashuka nalo akiwa ameligandamiza kifuani. Akaliweka mbele ya leza. Akabonyeza. Maji kidogo, hewa safi, hewa chafu. Basi. Hapakuwa na kingine chochote. Ilikuwa pumzi ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Alitazama skrini mpaka macho yakamuuma. Miaka kumi na mmoja. Umeamkaje, mtani. Leo nimepandishwa cheo, mtani. Leo ni siku yetu. Alikuwa akiisalimia mitungi ya gesi.

"Siku ile alitengeneza mawili," alisema Tabitha, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Yalifanana kama mapacha. La kazi, uliloleta ile gesi yako tulijaze, na la kwako. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Tulikaa mezani tukitazamana, moto katikati, si unajua tunavyokaa. Akaniambia, la kulia ni la wifi yako, liweke kwenye kisanduku cha mbao. Nami nikachukua la kulia. La kulia kwangu, wifi. Kwake lilikuwa la kushoto. Wanafunzi wote wa kioo hukosea hivyo wiki ya kwanza, tunapigwa vijiti vidoleni. Mimi nilikosea mwaka wa tatu, na hakuna aliyejua."

Nakijwa alimtazama wifi yake, fundi mzima anayelia kama mtoto, akashindwa hata kukasirika. Alisogea kabatini, akaweka kiganja kwenye kioo cha mlango. Kwa hiyo Yonazi alikuwa humu. Hakuwa dirishani akitazama ukungu. Alikuwa humu chini kwenye chuma, akifanya kazi kila siku ya Mungu, na kila mgonjwa aliyepuliza popote nchini alilinganishwa naye.

Na moyo haukumuua. Kutu ilimuua.

"Alikuwa akisema anakohoa kwa ugoro," alisema Nakijwa. "Mimi nikakubali. Mimi, mwenye mashine."

*

Walilitoa tufe la kabatini, wakakaa chini sakafuni, migongo ukutani, matufe mawili kwenye mapaja ya Nakijwa, la dirishani kulia, la kabatini kushoto. Tabitha ndiye aliyeanza.

"Badilisha, wifi."

"Nini?"

"Hili la dirishani ndilo la kazi, ndivyo lilivyotakiwa tangu mwanzo. Liweke kabatini. Kuanzia leo mashine zitasema kweli. Na yeye mchukue nyumbani." Akajifuta pua. "Mimi nishajulikana nina kutu, nitachomwa sindano zangu. Nani atajua? Mimi sitasema. Ni kaka yangu pia."

Ee, jamani! Ilikuwa rahisi mno. Dakika mbili, skrubu nne. Nakijwa alilifunika tufe la kushoto kwa kiganja, na akaona nyumba yake, kitanda chake, na tufe juu ya meza ndogo ya kando, na safari hii pumzi ikiwa yenyewe kweli, pumzi ile iliyokuwa ikimpitia shingoni alfajiri. Alimtamani mumewe mpaka kifua kikamuuma. Watu husema machungu ya mjane hupoa. Hayapoi. Yanajifunza tu kukaa kimya mbele ya wageni.

"Mko wangapi karakanani?" aliuliza.

"Tisa."

"Wanaokohoa?"

Tabitha akahesabu kwa vidole. "Wanne. Na kule kwenye tanuri la chokaa, akina mama wale, sijui. Wote wana kadi za kijani. Wamezibandika ukutani, wanajivunia."

"Tukibadilisha kimya kimya, watajuaje?"

"Watapuliza tena Januari."

"Januari ni miezi tisa. Kutu ya miezi tisa ni nyingine. Na walioambiwa wazima, wakaacha kabisa kuja kupuliza?" Nakijwa alikuwa sasa anazungumza na nafsi yake zaidi. "Kumbukumbu za kila mtu aliyepuliza ziko kwenye kompyuta, wifi. Watu laki tisa. Lakini zimehifadhiwa zikiwa zimeshatolewa Pumzi ya Mfano. Ugonjwa wao umefutwa. Nikijua hasa kilichotolewa, kila mstari na urefu wake, naweza kukirudisha. Kompyuta itanipa majina leo leo."

"Basi si ukijue? Tufe hilo hapo, lipime."

"Kioo kinanificha nusu yake. Lazima pumzi itoke kwenye kioo, iingie kwenye ule mrija mrefu." Akaonesha kwa kidevu. Kando ya ukuta ulilala mrija wa chuma wenye urefu wa watu wawili, vioo viwili vya kujitazamia vikielekeana kila mwisho. Mwanga ukiingia humo hurudi na kwenda mara elfu ishirini kabla haujachoka, na hapo hata molekuli moja katika bilioni haina pa kujificha. "Inapita mara moja. Sekunde arobaini. Kisha pampu inaivuta, inatoka nje kwa bomba, inakwenda zake."

Tabitha akaelewa. Akalitazama tufe la kushoto.

"Yote?"

"Yote."

Nje, ukungu ulikuwa umefunika misonobari yote.

Nakijwa alitoa simu yake na kumpigia injinia Singano, msimamizi wa mashine zote za Puliza. Alimweleza kwa sentensi nne. Zima mashine zote mia nne. Ndiyo, zote, sasa hivi. Kosa liko kwenye Chupa Mama, na ni langu, nililiona miaka kumi na mmoja iliyopita nikalipa jina jingine. Nitaandika hivyo na nitatia sahihi.

"Profesa," sauti ya Singano ilisikika hadi kwa Tabitha, "unajua watakufanya nini?"

"Najua. Zima mashine, mwanangu."

Alipokata simu, Tabitha alikuwa akimtazama, machozi bado mashavuni, na pembe ya mdomo imepanda kidogo.

"Kaka angekuwepo angepiga kelele mpaka Lushoto nzima isikie. Mpare kajishitaki mwenyewe!"

Nakijwa akacheka, na kicheko kikageuka kilio humo humo, na wifi yake akamshika kichwa akakilaza begani.

*

Kukata shingo ya kioo ni kazi ya fundi. Tabitha alilishika tufe kwa kitambaa, akachukua kalamu ya almasi, akachora mstari mmoja kuzunguka mkia wake. Alikibana kikohozi chake kwa nguvu. Hakutaka pumzi yake iingie humo. Kisha akaliingiza kwenye mdomo wa mrija, akafunga mipira ya kuzuia hewa, akatazama.

"Tayari, wifi. Nikivunja, nimevunja."

"Ngoja."

Nakijwa aliinama, akaweka paji la uso kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi. Alitaka kusema jambo la maana, na hakupata. Wasomi hawa, wakati wa kusema kweli ukifika, maneno huwakimbia.

"Haya," alisema. "Vunja."

Kikalia kidogo, kama ukucha unapokatika. Pampu ikavuta, na pumzi ya Yonazi Shemhilu, iliyofungwa mchana mmoja mbele ya tochi ya gesi, ikatoka na kuingia kwenye mwanga.

Mistari ilipanda. Maji, ndiyo. Hewa chafu. Asetoni kidogo, alikuwa hajala mchana, mkaidi yule. Kutu, ndefu kuliko hata ya Tabitha. Nikotini ya ugoro wake. Kompyuta iliandika kila jina pembeni, na kila jina lilipoandikwa Nakijwa alilisoma kimoyomoyo kama anayeitikia mahudhurio. Sekunde kumi. Ishirini. Na hapo, upande wa kulia kabisa wa skrini, kikundi cha mistari ambacho hakuwa amekitarajia kikainuka, kikubwa, kimejaa. Kompyuta ilitafuta kwenye orodha yake ikaandika: *sineoli*.

"Hiyo nayo ni ugonjwa?" aliuliza Tabitha.

Nakijwa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Wifi? Sineoli ni nini?"

"Ni iliki."

Tabitha alijua. Mji mzima ulijua habari za lango na mbegu tatu. Mchana ule, karakanani, mbele ya moto, hakuna lango wala mke jikoni, Yonazi alikuwa ameuweka mpira chini, akatoa mbegu mfukoni, akatafuna taratibu mpaka mdomo ukawa safi. Kisha ndipo akapuliza.

Sekunde arobaini ziliisha. Asetoni ikashuka, kutu ikashuka, ugoro ukashuka, hewa zikatulia chini kabisa. Lakini molekuli nzito huwa haziondoki upesi. Hung'ang'ania kuta za mrija. Kila kitu kilipokuwa kimekwisha, iliki bado ilisimama peke yake kwenye skrini.

Kompyuta nyingine ilikuwa imeanza kuita. Iliyarudisha yaliyotolewa, mtu baada ya mtu, na majina yalikuwa yakianza kushuka kwenye orodha. Mrija ulitakiwa kusafishwa kwa naitrojeni ya moto mara moja, ili watu wa karakana wapulize bila uchafu wa mtu mwingine, na wanne wanaokohoa walikuwa tayari njiani, Tabitha alikuwa ameshawaita. Mkono wa Nakijwa ulikuwa kwenye valvu. Haukusogea.

"Wifi," alisema Tabitha kwa upole. "Majina yanasubiri."

"Nimesikia."

Aliutazama ule mstari. Miaka kumi na mmoja Yonazi alikuwa amesimama langoni, amejisafisha mdomo, anangoja aitikiwe.

"Karibu, mtani," alisema Nakijwa.

Akafungua valvu, akavuta kiti kwenye kompyuta ya pili, akaanza kusoma jina la kwanza.